Karakana na Shamba kama Mahali pa Utafiti: Biashara Ndogo na Teknolojia ya Kilimo Endelevu katika Historia ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Historia ya utafiti wa kilimo nchini Uganda kwa kawaida huandikwa kama historia ya vituo vya serikali. Makala hii inasimulia upande wa pili, yaani majaribio yaliyofanywa na mafundi, wasindikaji na wakulima wafanyabiashara wa Jinja na Mbale tangu kuingia kwa pamba ya biashara mwanzoni mwa karne ya 20 hadi leo. Ushahidi wake ni wa aina mbili: sheria na sera zilizosimamia kilimo, na maneno ambayo kazi hiyo imeyaacha katika lugha za eneo hilo. Hoja kuu ni kwamba utafiti wa biashara ndogo umekuwepo wakati wote, ila haukuhesabiwa kuwa utafiti kwa kuwa ulifanyika nje ya lugha ya sera. Kutohesabiwa huko kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na udongo, maji na mkulima. Makala inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa Uganda na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Msimu wa kuchuma kahawa unapokaribia katika miteremko ya Mlima Elgon, mafundi chuma wa Mbale hupata kazi ya aina moja. Wakulima huteremka mjini na mashine ndogo za mkono za kumenyea kahawa, nyingine zikiwa zimefungwa nyuma ya bodaboda, ili zirekebishwe kabla mavuno hayajaanza. Kwa mpita njia, kazi hiyo ni ukarabati wa kawaida. Fundi huifungua mashine, hulitazama bati lenye vinundu linalozunguka, hupima kwa jicho na kidole nafasi iliyopo kati ya bati hilo na chuma kinacholikabili, kisha humwuliza mteja: “Mzee, kahawa yako ni ya juu au ya chini?”

Swali hilo lina msingi. Ukubwa wa punje hutofautiana kwa aina ya mbuni, kwa mwinuko wa shamba na kwa mvua za mwaka. Katika mashamba ya Bugisu mna mibuni ya zamani inayoitwa Nyasaland, na mna aina za SL14 na SL28 zilizotokana na maabara ya Scott nchini Kenya. Nafasi ndani ya mashine ikiwa finyu, punje hupasuka na kahawa hushuka daraja. Ikiwa pana, tunda hupita na ganda lake. Fundi aliyerekebisha mashine hizo kwa misimu mingi anajua kuhusu uhusiano wa mlima, mbuni na chuma mambo ambayo mkulima hawezi kuyakuta katika kijitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine.

Nilipomwuliza fundi mmoja wa namna hiyo kama kazi yake ni utafiti, alicheka. “Utafiti ni wa watu wa chuo, mwalimu,” alinijibu kwa Kiswahili. “Sisi tunajaribu tu.”

Jibu hilo ndilo lililoizaa makala hii. Kati ya kutafiti na kujaribu tu, kuna mpaka ambao mtu wa karakana ameukubali kana kwamba uliwekwa na maumbile. Mpaka huo una historia, na historia yake ni ya sheria, ya fedha na ya lugha kwa pamoja. Sehemu zinazofuata zinaifuatilia kwa mpangilio wa wakati, zikianzia katika maneno yenyewe.

2. Maneno kama ushahidi

Kitenzi tafiti si kipya katika Kiswahili. Kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikifasiri kwa maana ya kupekua na kudadisi, tena kwa lawama kidogo: mtafiti alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo. Ni vyuo vikuu na taasisi za miongo iliyofuata vilivyolipandisha cheo neno hilo hadi likawa jina la kazi yenye bajeti, ofisi na shahada. Kujaribu kulibaki mitaani. Kiganda, kinachosikika sana Jinja na Mbale sambamba na Kisoga na Kigisu, nacho kina jozi inayokaribiana na hiyo: okunoonyereza, kwa maana ya kuchunguza na kutafiti, na okugezesa, kwa maana ya kujaribisha kitu ili kuona kama kinafaa. Vitenzi hivi viwili vinagusa tendo moja. Kinachovitenganisha ni hadhi ya mtendaji.

Ushahidi wa pili ni maneno yaliyosafiri na teknolojia. Kiganda kinaiita pamba ppamba na duka dduuka, na neno fundi linatumika nchini Uganda kama linavyotumika Mombasa au Dar es Salaam. Maneno haya yalipita njia za biashara, reli na kambi za askari. Yanatuonyesha kwamba maarifa ya vifaa na mazao ya biashara yaliingia mashariki mwa Uganda kwa kiasi kikubwa yakiwa yamebebwa na Kiswahili, hata pale ambapo shule hazikukifundisha.

Upo pia mfano wa neno lililosafiri kutoka shambani kwenda vitabuni. Istilahi fanya juu hutaja aina ya tuta la kuzuia mmomonyoko linalopatikana kwa kuchimba mfereji kwa kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Neno hilo lilishika mizizi Machakos, Kenya, nalo limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa. Wataalamu walilikopa kwa sababu halikuwa na mbadala ulio bora. Kwa hiyo Kiswahili cha shambani kinaweza kubeba istilahi ya kitaalamu, na kimekwisha kufanya hivyo. Swali ni kwa nini mfano huo umebaki wa kipekee.

3. Pamba na sheria ya 1908

Mbegu za pamba ya biashara zililetwa Uganda mwaka 1903 kupitia Kristen Borup wa Kampuni ya Uganda, na zikasambazwa kwa wakulima kupitia machifu. Katika miaka ya mwanzo mbegu zilikuwa za aina mbalimbali, na vifaa vya kuchambulia vilikuwamo vya mkono, ambavyo mtu wa mtaji mdogo angeweza kuvimiliki na kuviendesha karibu na shamba. Mbegu zilichanganyika, nyuzi zikawa za urefu tofauti, na wanunuzi wa Uingereza wakalalamika.

Mwaka 1908, chini ya Gavana Hesketh Bell, serikali ya himaya ilitoa sheria ya pamba. Iliamuru mbegu ya aina moja inayogawiwa na serikali, na ikapiga marufuku vinu vya mkono. Kwa kipimo cha soko la Lancashire, sheria hiyo ilifaulu: ubora ulipanda na zao likaenea. Reli ya Busoga ilipokamilika mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, pamba ya Busoga na ya nchi zinazozunguka Ziwa Kyoga ilipata njia ya kuelekea Ziwa Victoria na baharini.

Hata hivyo, sheria hiyo iliamua jambo kubwa zaidi ya ubora wa nyuzi. Iliamua kwamba usindikaji ni kazi ya mwenye mtaji mkubwa, na kwamba kosa la kiufundi huondolewa kwa kukiondoa kifaa kidogo, wala si kwa kukiboresha. Hakuna aliyeulizwa kama kinu cha mkono kingeweza kurekebishwa ili kifae. Mkulima wa Busoga alibaki mzalishaji wa malighafi, na ujuzi wa kuchambua ukahamia katika viwanda vya wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kihindi. Tangu hapo, sera ya kilimo iliendelea kuviona vifaa vidogo kama hatua ya kupita, hata pale vilipokuwa ndivyo vilivyolisha familia.

4. Plau na mashine ya kumenyea

Maeneo mawili yaliponea uamuzi huo, nayo yote yanahusika na Mbale. La kwanza ni plau ya ng'ombe. Mafunzo ya kulima kwa plau yalianza Kumi, katika nchi ya Teso kaskazini mwa Mbale, mnamo mwaka 1910, na katika miongo iliyofuata plau zilienea kwa maelfu. Mwenye plau na ng'ombe hakulima shamba lake peke yake. Aliwalimia majirani kwa malipo. Hiyo ilikuwa biashara ndogo ya teknolojia kwa maana kamili: mtu aliwekeza katika kifaa, akauza huduma yake, akabeba hasara kilipovunjika. Kila ncha iliyochakaa ilihitaji mhunzi, na kila mhunzi alilazimika kuamua ni chuma kipi kinachostahimili udongo wa mahali pake.

La pili ni kahawa. Arabika ilianza kupandwa katika miteremko ya Elgon mnamo mwaka 1912, na katika miaka ya 1930 serikali iliusimamia ununuzi na ukoboaji wake kupitia mpango maalumu wa kahawa ya Bugisu. Ukoboaji wa mwisho ulifanyika kiwandani Mbale, lakini hatua za kwanza, yaani kumenya, kuchachusha, kuosha na kukausha, zilibaki nyumbani kwa mkulima. Jambo hili huitofautisha Bugisu na maeneo mengi ya Kenya, ambako kazi hiyo hufanyika katika viwanda vya ushirika. Kwa Mgisu, kila boma lenye mashine ya kumenyea lilikuwa kiwanda kidogo, na kila msimu ulikuwa nafasi ya kujaribu: kahawa ichachushwe usiku mmoja au miwili, kikausho kitandazwe mkeka au waya, maji yatolewe mto gani na yamwagwe wapi.

Majaribio ya namna hiyo yalifanyika pia shambani. Wakulima wa Elgon walipanda migomba katikati ya mibuni, kinyume na ushauri wa muda mrefu wa kutenganisha mazao hayo mawili. Walikuwa na sababu zao. Shamba lilikuwa dogo, mgomba ulitoa chakula na kivuli, na majani yake yaliufunika udongo wa mteremko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki, yaani IITA, na wenzao ulionyesha kwamba katika eneo la arabika mapato kwa hekta ya mseto huo yalikaribia mara mbili ya mapato ya kahawa pekee. Matokeo hayo yalipokewa kama ugunduzi. Kwa mkulima yalikuwa uthibitisho wa jaribio ambalo wazee wake walikwisha kulimaliza.

5. Miaka ya 1950: nuru ya umeme na kimya cha lugha

Muongo wa 1950 uliibadili sura ya Jinja na Mbale. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, na umeme wake ukavuta viwanda, kikiwemo kile cha nguo cha Nyanza. Mwaka huohuo wa 1954 Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa, na wakulima wakapata chombo chao katika biashara ya kahawa. Tayari tangu 1947 Jinja ilikuwa makao ya Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza utafiti wa kitaasisi na mafundi wa viwandani waliishi katika mji mmoja.

Hawakuzungumza lugha moja. Suala la Kiswahili lilikuwa limekwisha kuigawa Uganda. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kiendelezwe katika elimu na utawala. Maaskofu walipinga, na Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa waraka wa mwaka 1929. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa shuleni. Kinachoshangaza ni kwamba mwaka huohuo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo kilichosimamia usanifishaji wa lugha hiyo, ilihamia Makerere, nayo ikabaki huko hadi 1962. Kiswahili kilisanifishwa Kampala huku kikiondolewa katika madarasa ya Uganda.

Katika karakana na viwanda vya Jinja, hata hivyo, hakikuondoka. Nguvu kazi ya mji ilitoka Busoga, Teso, Bugisu, Nile Magharibi na Kenya, na katika makazi ya wafanyakazi kama Walukuba, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana. Kwa hiyo pakatokea mgawanyo ambao hadi leo haujazibwa: ripoti ya utafiti iliandikwa kwa Kiingereza, na mashine ilitengenezwa kwa Kiswahili. Kilichojulikana upande mmoja hakikuwa na njia rasmi ya kufika upande wa pili.

6. Magendo, mafuta mingi na shule ya uhaba

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Mwanaisimu atatambua kwamba upatanisho wa kisarufi umekiukwa, lakini ukiukaji huo wenyewe ni ushahidi: hiki ni Kiswahili cha Uganda, kilichotungwa barabarani na watu wasiosubiri idhini ya shule, na kilipata neno kali kuliko lolote lililokuwa katika lugha rasmi. Neno magendo nalo lilitanuka hadi likawa jina la uchumi mzima. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia kupanda, kahawa ya Elgon ilivushwa mpaka hadi Chepkube, upande wa Kenya.

Magendo yameandikwa sana kama historia ya uhalifu na ya kuporomoka kwa dola. Yanaweza kusomwa pia kama historia ya ufundi. Vipuri viliadimika, na kipuri kisichopatikana hutengenezwa. Springi za lori ziligeuzwa kuwa ncha za plau na majembe, na bati la mapipa likawa mwili wa mashine. Wafanyakazi waliojifunza kazi katika viwanda vilivyokuwa vikidorora waliichukua elimu hiyo hadi chini ya miti na vibanda vya mabati, katika sekta ambayo Kenya na Uganda huiita jua kali. Katika hali hiyo fundi alilazimika kujua kitu ambacho muuza vipuri hahitaji kukijua, yaani kwa nini kifaa kina umbo lilivyo.

Shule hiyo ya uhaba ilikuwa na ada yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo na vita viliangamiza ng'ombe wa Teso, na ukulima wa plau ukaanguka pamoja nao. Familia zikarudia jembe la mkono. Ujuzi wa wahunzi waliokufa au kuhama katika miaka hiyo haukuwa umeandikwa popote ambapo ungeweza kurejeshwa. Hapo tunaona kwa uwazi gharama ya utafiti usio na jina: ukipotea, hakuna anayegundua kwamba umepotea.

7. Milango miwili ya mwaka 2005

Mageuzi ya uchumi yaliendelea mapema katika miaka ya 1990. Ukiritimba wa Bodi ya Kahawa uliondolewa, na Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ikaundwa mwaka 1991. Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mbale ilishuhudia kuzaliwa kwa vyama vipya vidogo vya ushirika vilivyouza kahawa ya kilimo hai na biashara ya haki, kikiwemo Gumutindo, ambacho jina lake la Kigisu hutaja ubora wa juu. Masharti ya masoko hayo yaliwarudisha wakulima katika maswali ya zamani kwa uzito mpya: maji machafu ya kumenyea yaende wapi, samadi ichukue nafasi gani, mteremko ushikwe na nini. Maporomoko ya ardhi ya Bududa ya tarehe 1 Machi 2010 yaliwakumbusha wote kwamba swali la mwisho ni la uhai.

Kisha ukaja mwaka 2005. Katika mwaka huo mmoja Uganda ilifungua milango miwili. Sheria mpya ya utafiti wa kilimo ilipanua mfumo wa taifa ili sekta binafsi, vyuo vikuu na asasi za kiraia viweze kushiriki na kushindania fedha za umma za utafiti, na ikaimarisha taasisi za kanda; ya Mlima Elgon ipo Buginyanya. Mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayoelekezwa na Bunge kwa sheria. Mlango wa kwanza ulimwambia mwenye biashara ndogo kwamba anaweza kuwa mtafiti. Wa pili ulimwambia kwamba lugha ya karakana yake ina hadhi ya dola. Ila hakuna aliyetengeneza ujia wa kuiunganisha.

Nilipata kumsaidia mwenye karakana mmoja kusoma tangazo la ruzuku ya ubunifu wa kilimo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, na ilimtaka aeleze nadharia inayoongoza kazi yake na orodha ya machapisho yake. Alikuwa na mashine ya kukatakata majani ya mifugo inayotumia nusu ya mafuta ya ile aliyoanza nayo, nayo ilikuwa imesimama mbele yetu. Fomu haikuwa na kisanduku cha kuiweka mashine hiyo. Aliikunja, akaitumia kuwashia moto wa kuyeyushia.

8. Jinja ya leo: vizimba na mbegu

Isidhaniwe kwamba hoja hii ni ya zamani tu. Katika maji ya Ziwa Victoria na chanzo cha Mto Naili karibu na Jinja, ufugaji wa samaki katika vizimba umeenea tangu miaka ya 2000. Jinja pia ndiyo makao ya taasisi ya taifa ya utafiti wa rasilimali za uvuvi, mrithi wa lile shirika la 1947. Vizimba vya kununuliwa vina bei kubwa, hivyo wafugaji wadogo hujenga vyao kwa mabomba ya chuma na mapipa ya plastiki, na kila dhoruba huwafundisha jambo kuhusu kiungo, uzito na nanga. Wakati huohuo chakula kingi kupita kiasi huchafua maji ambayo ni ya wote. Anayejua upesi kwamba samaki wameacha kula ni mfugaji; anayejua maana yake kwa oksijeni ya ziwa ni mtaalamu. Mmoja bila mwenzake ana nusu ya jibu.

Mfano wa pili ni teknolojia ya vuta-sukuma, iliyoendelezwa tangu miaka ya 1990 na taasisi ya ICIPE huko Mbita, Kenya, ikishirikiana na Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa Kenya, kisha ikafika mashariki mwa Uganda. Desmodiamu inayopandwa kati ya mistari ya mahindi huwafukuza nondo wa vidungadungaji vya shina, hukandamiza gugu la striga, ambalo Watanzania huliita kiduha, na hurutubisha udongo. Majani yanayozunguka shamba huwavuta nondo hao nje. Jina lenyewe ni somo: maneno mawili ya Kiswahili yanamweleza mkulima utendaji wote. Lakini mfumo huo husimama au huanguka kwa upatikanaji wa mbegu ya desmodiamu, na hapo kuzalisha na kuuza mbegu kunahitaji wafanyabiashara wadogo wanaojaribu wakati wa kupanda, kuvuna na kusafisha katika udongo wao wenyewe.

9. Mipaka ya hoja na mifano ya kwingine

Haki inatutaka tukiri udhaifu wa upande tunaoutetea. Karakana haina kumbukumbu. Hupima kwa jicho, na jicho hudanganya. Fundi mwenye siri ya kazi huificha kwa mshindani, na akifa huzikwa nayo. Zipo mashine zinazokata vidole na zipo mbegu bandia sokoni. Kujaribu peke yake hakutoshi. Hata hivyo, kasoro hizi zote ni za kukosa kipimo, maandishi na ulinzi wa haki, mambo ambayo taasisi zinayo kwa wingi. Ni sababu ya kushirikiana.

Nchi nyingine zimekwisha kulishughulikia jambo hili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1982 inayozitaka idara za serikali kuu zenye bajeti kubwa ya utafiti wa nje kutenga sehemu yake kwa kampuni ndogo. Sehemu hiyo ilifikia asilimia 3.2 katika mwaka wa fedha 2017, na wizara ya kilimo imo. Fedha hutolewa kwa awamu: kwanza kuona kama wazo linawezekana, kisha kuliendeleza, na mwisho mbunifu huenda sokoni bila fedha za mpango huo. Faida ya utaratibu huu kwetu ni kanuni yake, kwamba hatari ya jaribio la kwanza hubebwa na umma.

India inatufaa zaidi kwa upande wa lugha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mtandao wa Honey Bee, ulioasisiwa na Anil Gupta wa Ahmedabad, umekusanya ubunifu wa wakulima na mafundi, ukiwataja wenye wazo kwa majina na kuwarudishia maarifa hayo katika lugha zao. Mwaka 2000 wakfu wa taifa wa ubunifu ukaundwa juu ya msingi huo. Nyuki huchukua chavua bila kulifukarisha ua, na huliunganisha ua na ua jingine. Watafiti wetu wamekuwa hodari wa kuchukua. Kurudisha bado.

10. Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba tangu sheria ya 1908 hadi fomu za leo, swali la nani anahesabiwa kuwa mtafiti wa kilimo limejibiwa kwa kuwaacha nje wenye vifaa vidogo. Tumeona pia kwamba mseto wa kahawa na migomba, plau za kukodi na mashine za kumenyea ni matunda ya majaribio marefu ya watu hao. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, sehemu maalumu ya fedha za umma za utafiti wa kilimo itengwe kwa biashara ndogo, ikitolewa kwa awamu, na awamu ya kwanza igharimie msimu mmoja wa majaribio. Pili, maombi yapokelewe kwa Kiswahili na lugha za kanda, kwa mdomo na kwa onyesho la kifaa, na Bunge litumie nafasi liliyopewa na Katiba tangu 2005 kuliagiza jambo hilo. Tatu, taasisi za kanda na vyuo kama Busitema, kilichorithi chuo cha zana za kilimo, viwape wanafunzi kazi ya kuandika na kupima ujuzi wa karakana, huku jina la fundi likitangulia katika maandishi hayo. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikusanye istilahi za karakana na shamba kutoka pande zote za mpaka kabla ya kuunda mpya, kwa kuwa nyingi zinazotafutwa mezani zinatumika tayari.

Fundi wa Mbale alisema, “Sisi tunajaribu tu.” Kujaribu kwake kumeshika udongo wa mlima na kumeinua daraja la kahawa bila kumgharimu mlipakodi shilingi. Neno linalohitaji kuondolewa katika sentensi yake ni lile la mwisho, na wa kuliondoa ni sisi tunaoandika ripoti na wale wanaozisoma.